Taa za riva za pikapu ya kubebea samaki: wati ngapi zinatosha mwaloni usiku?

Vigo la Mwaloni ameandika:

Wakuu habari za jioni. Mwadila kwa Wasukuma wenzangu.

Naomba msaada wa mawazo kwa wazoefu wa umeme wa magari. Nina Hilux Vigo kebini moja, gia za mkono, dizeli, nimeinyanyua kidogo na kuivisha matairi ya tope. Kazi yake ni kukusanya dagaa na sangara kwenye mialo, yaani fukwe zinakoshushwa samaki, ya huku Ilemela, zaidi Igombe na Kayenze, na kuwaleta soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mara mojamoja natoka hadi upande wa Sengerema.

Shida yangu ni taa za riva. Wanaoijua kazi ya dagaa wanaelewa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika. Maana yake siku zangu za kazi ndizo zilezile ambazo angani hakuna mwanga wowote wa kukopa. Mitumbwi inaingia kabla hakujapambazuka, na ukitaka kupakia wa kwanza lazima ushuke kinyumenyume mpaka karibu na maji, kwa sababu huko chini hakuna pa kugeuzia. Njia yenyewe mnaijua: mchanga, jiwe, mchanga tena, halafu kamba ya mtumbwi wa mtu imekatiza. Taa za riva zipo na zinawaka, lakini ninachoona ni wekundu wa breki tu.

Juzi narudi taratibu, utingo akapiga bodi kwa nguvu nikakanyaga breki. Kushuka, nakuta kuli ana ndoo kichwani, amesimama hatua mbili kutoka tairi la nyuma la kushoto. Sikumwona kabisa. Hapo nikasema sasa basi, hizi taa zibadilishwe.

Duka moja mjini wameniambia ninunue globu za LED za kuchomeka kwenye holda ileile ya zamani. Duka la pili wanasema nifunge taa ndefu ya wati 120 juu ya kebini, itazame nyuma. Na fundi mmoja kijiweni ameniambia nilete taa yoyote, yeye ataunga kwenye waya wa riva na nusu saa haiishi. Nani namsikiliza? Wati ngapi zinatosha? Hela ipo, ila si ya kuchezea.

Nawasilisha.

Kijana wa Pasiansi:

Mkuu wavuvi wako wanazo taa tayari, omba moja. Siku hizi karabai wameweka kando, wanatumia LED za betri. Funga hiyo nyuma ya gari, ukirudi riva dagaa wanakufuata wenyewe hadi kwenye kreti.

Baba Difu:

Achana na huyo. Mimi ninayo hiyo ndefu juu ya kebini kwenye Land Cruiser yangu, wati 120. Nikiwasha porini ni mchana kweupe. Chukua hiyo, hutajuta.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Kabla sijakutajia wati hata moja, nijibu mambo mawili. Gari likiwa na mzigo, kioo cha nyuma ya kebini kinakuonyesha kitu? Na ukirudi unaangalia wapi: unageuza shingo, unatoa kichwa dirishani, au unatumia vioo vya pembeni? Usijibu kama uko kwenye mtihani wa leseni, jibu unavyofanya kweli.

Vigo la Mwaloni:

Fundi, kioo cha ndani nilishakisahau. Nyuma kuna kreti na barafu mpaka usawa wa paa, juu turubai. Hata nikishuka sina mzigo, kreti tupu zipo palepale. Natumia vioo vya pembeni, zaidi cha kulia upande wangu. Kushoto namtegemea utingo.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Nilijua. Sasa sikiliza, maana duka zote mbili zinakuuzia mwanga ambao hutauona.

Taa ya riva ya kiwandani imekaa nyuma kabisa ya bodi, inamulika kwenda nyuma. Inamfaa mtu anayegeuza shingo akatazama kupitia kioo cha nyuma. Wewe hutazami huko. Kioo cha pembeni kinakuonyesha ubavu wa bodi, tairi la nyuma na kipande cha ardhi kando yake. Kipande hicho hakimulikwi na taa yoyote ya gari lako. Funga wati 120, funga 300, nyuma ya kreti patang'aa na kwenye kioo chako patabaki giza. Tena litazidi, kwa sababu jicho litazoea ule mng'ao unaovuja pembeni na kukiona kivuli kuwa cheusi zaidi. Huyo kuli hakuwa nyuma ya gari, alikuwa kando ya tairi la kushoto. Umeandika mwenyewe.

Kwa hiyo gari la mzigo mimi nalifunga taa nne ndogo badala ya moja kubwa. Mbili zinakaa nyuma, chini ya bampa. Mbili zinakaa pembeni, chini ya ukingo wa bodi, mbele kidogo ya tairi la nyuma, zikitazama nyuma na nje kidogo, ili tairi lenyewe na ardhi linayoikanyaga vionekane kwenye kioo. Kazi kubwa inafanywa na hizo za pembeni. Bajeti ikibana anza nazo, za nyuma zisubiri.

Chagua taa za mwanga mpana. Zipo zinazorusha mwanga mwembamba kwenda mbali, hizo ni za mbele kwa watu wa porini. Anayerudi anahitaji kuona mita tano sita, hahitaji kuona Ukerewe.

Wati 18 kwa kila taa zinatosha kabisa. Fungua taa yako ya nyuma usome globu: ikiwa ya wati 21 ya kawaida, inatoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 460. Ile ndogo ya wati 16 inatoa kama 310. LED ya wati 18 za kweli inapita lumeni 1,000 bila jasho. Nasema za kweli kwa sababu namba za kwenye boksi ni mapambo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe kwa betri ya volti 12 na upime ampea kwa multimita. Wati 18 ni ampea 1.5. Ukiona 0.6 umeshikishwa wati 7, rudisha.

Kuhusu globu za LED za kuchomeka kwenye holda ya zamani: sizipendi. Kile kikombe cha ndani kinachong'aa kimechorwa kwa ajili ya uzi mmoja mdogo wa globu uliokaa mahali pake. Ukiweka kijiti chenye LED pande zote, mwanga unatawanyika hovyo. Unaona kioo cha taa kinawaka vizuri, ardhi haipati kitu. Acha globu ya kiwandani, ila ihudumie. Kwenye magari ya samaki nikitoa holda nakuta kitu kilekile: pini za shaba zimeota unga wa kijani, chini ya globu kuna maji ya hudhurungi, na ukikwangua kwa bisibisi inatoka harufu ya soko. Safisha kwa msasa laini, paka grisi ya umeme kidogo, badilisha mpira uliokakamaa. Kuna magari nimeyafanyia hivyo tu na mwenyewe akadhani nimemwekea globu mpya.

Sasa huyo wa kijiweni na nusu saa yake. Globu zako mbili za wati 21 ni wati 42, ampea 3.5. Ukiongeza taa nne za wati 18 ni wati 72, ampea 6. Jumla 9.5. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi ya riva ni ya ampea 10 na ndiyo hiyohiyo ya geji za dashibodi. Siku ya kwanza itashika. Siku moja uko chini mwaloni, unaingiza riva, fyuzi inakatika, geji zote zinalala na taa zote za riva zinazima, za zamani na mpya. Atakayekuja kukuokoa ataweka fyuzi ya ampea 20, na hapo sasa kinachoungua ni waya wenyewe ndani ya dashibodi.

Weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Waya wa riva unakuwa wa kutoa amri tu, hauli hata robo ampea. Mguu 86 unaupeleka kwenye waya wa riva, 85 kwenye chesisi, 30 kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi yake ya ampea 15, na 87 unaenda kwenye taa. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja au mbili. Ikikaa nyuma karibu na taa, waya wote wa katikati hauna mlinzi. Na ukiuziwa rilei ya miguu mitano, ule wa katikati ulioandikwa 87a usiuguse. Ukiunga hapo taa zitawaka ukienda mbele na kuzima ukirudi. Usicheke, magari ya hivyo yanakuja hapa.

Waya tumia wa milimita mraba 2.5, wa shaba tupu. Kutoka betri hadi nyuma ya Hilux ni kama mita tano. Ukitumia waya mwembamba wa 0.75, kwa ampea 6 unapoteza karibu volti 0.7 njiani kabla taa haijaonja. Waya wa spika uache kwa spika. Pitisha juu ya chesisi ndani ya bomba la plastiki, mbali na egzosi, na kila inapokatiza chuma weka mpira.

Athi, yaani hasi ya taa inayofungwa kwenye chesisi, ndiyo inayoua taa nyingi. Usifunge kwenye skrubu yoyote uliyoikuta imepakwa rangi. Kwangua chesisi mpaka chuma cheupe, funga kwa bolti na washa yenye meno, halafu paka grisi juu. Ukimaliza pima: taa zikiwa zinawaka, weka mguu mmoja wa multimita kwenye hasi ya taa na mwingine kwenye hasi ya betri. Isome chini ya volti 0.2. Ikisoma volti nzima, hiyo athi ni jina tu.

Kutafuta waya wa riva usifuate rangi uliyosomewa na mtu, zinatofautiana. Breki ya mkono juu, injini imezimwa, swichi ya ufunguo iko ON, ingiza riva, kisha tafuta kwa testa nyuma ya taa. Unaowaka ukiingiza na kuzima ukitoa, ndio. Na kama hata globu za zamani haziwaki, usianze kubomoa taa. Swichi ya riva imefungwa kwenye gia boksi, ina nyaya mbili. Chomoa, ziunganishe hizo mbili kwa kipande cha waya huku swichi ya ufunguo iko ON. Taa zikiwaka, swichi ya riva imekufa, na swichi ni ya kubadilisha kwa spana moja.

Nimechoka kuandika, uliza.

Baba Difu:

Fundi heshima yako. Lakini ya kwangu juu ya kebini inamulika vizuri, usitutishe.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Baba Difu, la kwako wewe ni la porini, nyuma huna mzigo na nyuma yako hakuna watu. Mwaloni kuna watu arobaini na kila mmoja ana haraka. Usilinganishe.

Mama Furu:

Wanangu, hamjambo? Naingia kwa sababu mnaongea kama waliokaa kwenye usukani tu. Mimi nina pikapu ila siendeshi, mimi nakaa chini nahesabu ndoo. Niwaambie kinavyoonekana kutoka huku nyuma.

Hizo taa za juu ya kebini zikija, sisi tuliopo chini hatuoni chochote. Kuli ana ndoo kichwani, shingo haiwezi kuinama, mkono mmoja umeshika ndoo, na mwanga unamwingia machoni moja kwa moja. Anasimama. Hajui gari limekaribia kiasi gani, anasikia injini tu. Wengine wanatembea pembeni kuukwepa mwanga, na pembeni ndiko dereva haoni. Kwa hiyo fundi anavyosema chini ya bampa, mimi namuunga mkono kwa miguu yote. Mwanga ukitambaa chini, kuli anaona miguu yake na dereva anaona miguu ya kuli, inatosha.

Jambo la pili, wale wadudu wa ziwani. Hutoka sana mwezi ukiwa mchanga, siku zilezile za dagaa. Wanatoka ziwani wingu zima. Taa ikiwa ya ule weupe wa kibuluu wanajaa hadi kioo hakionekani, halafu wanaingia kwenye dagaa wabichi na mteja wa Kirumba anaanza kushusha bei. Gari langu nimeliwekea zenye weupe uliopoa. Wanakuja ila si kwa fujo ile.

Na maji ya barafu. Angalieni yanadondokea wapi kabla ya kufunga chochote.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Shikamoo mama. Umesema kweli, na rangi nilisahau kuitaja. Wadudu wanavutwa zaidi na ubuluu. Kwenye boksi tafuta namba yenye herufi K: 6000 au 6500 ndio huo weupe wa kibuluu unaouzwa kila mahali. Tafuta 4000 hivi. Bado ni nyeupe, na taa ya riva lazima iwe nyeupe, lakini haichomi macho.

La maji ya barafu lina uzito. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma kama Dar, ndiyo maana watu wanalegea. Lakini maji yanayochuruzika kwenye kreti yana damu, ute na wakati mwingine chumvi ya mtu aliyenyunyizia dagaa. Hayo yanakula shaba kuliko maji ya ziwa. Kabla hujatoboa tundu la taa, mwaga ndoo ya maji ndani ya bodi na uangalie yanakotokea chini. Taa na maungio yakae mbali na hapo.

Kwenye boksi la taa soma pia herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, 6 ni kwamba haliingii kabisa. Ya pili ni maji: 7 maana yake imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 ikapona. IP67 kwako ni ya chini kabisa. Kama unaoshewa gari kwa mashine ya presha, tafuta IP69K, hiyo imepimwa kwa maji ya moto yenye presha kubwa.

Lakini IP isikudanganye uendeshe ovyo. Taa ikiwa imewaka muda mrefu hewa ya ndani ina joto. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na kuvuta maji kupitia penye udhaifu wowote. Ndipo unapoona mvuke ndani ya kioo kesho yake. Tairi la nyuma likigusa maji, simama hapo. Mtumbwi una watu wa kuusogeza.

Mvushaji wa Busisi:

Nyongeza kidogo kutoka upande wa Sengerema. Zamani kwenye foleni ya kivuko taa za riva tulikuwa tunazitumia kila siku, kupangwa, kurudishwa, kupangwa tena. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 unazipita huku unakula muhogo. Kwa hiyo barabarani sasa ni mwendo tu, na hapo ndipo nina neno: kuna vijana wanaweka swichi ya mkono kwenye dashibodi ili hizo taa za nyuma ziwake wakati wowote. Nyuma yako usiku mtu anaona taa nyeupe, anadhani unamjia. Nimeshapigiwa hivyo nikakanyaga breki katikati ya barabara.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Swichi ya mkono mimi siweki, labda iwe ya kuzima. Yaani riva ikiingia na swichi ikiwa juu ndipo ziwake. Swichi ikiwa chini haziwaki hata ukirudi. Inafaa ukirudi mjini penye taa za barabarani au unapotaka kutowaudhi majirani. Unaiweka kwenye ule waya wa mguu 86, waya mwembamba unatosha. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inataka taa ya riva iwake gia ya kurudi ikiwa imeingia tu. Mtu akitaka taa ya kupakulia mzigo usiku, afunge ya kwake tofauti ndani ya bodi.

Kijana wa Pasiansi:

Fundi, na sisi wenye Ranger za otomatiki? Hakuna swichi kwenye gia boksi kama ulivyosema.

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Ipo, ila imeungana na ile inayojua uko P, R, N au D. Usiichokonoe. Wewe chukua amri kwenye waya wa taa ya nyuma, weka rilei kama nilivyoeleza. Faida ya rilei kwa magari mapya ni kwamba kompyuta ya gari inaona globu zake zipo vilevile, haikuwashii alama ya globu kuungua. Hao wanaotoa globu na kuweka LED ndio wanaopigizana kelele na dashibodi.

Vigo la Mwaloni:

Wakuu narudi na mrejesho kama desturi.

Nimefunga. Nilianza na mbili za pembeni, baadaye nikamalizia za nyuma. Nilipima ampea dukani kama fundi alivyosema, muuzaji akaninunia, taa ya kwanza ikasoma 0.7, akatoa nyingine kutoka chini ya meza ikasoma 1.4, nikachukua za hiyo aina zote nne. Sijui kwa nini nzuri zinakaa chini ya meza.

Maji ya ndoo nayo nilimwaga. Yalitokea palepale nilipokuwa nimeweka alama ya chaki kwa taa ya kushoto. Nikaisogeza mbele kiasi cha kiganja.

Sasa matokeo. Zile za nyuma ni nzuri, sikatai. Za pembeni ndizo zimenishangaza. Usiku wa kwanza pale Kayenze, kwenye kioo naliona tairi linavyosukuma mchanga, naona ukingo wa jiwe kabla halijagusa, naona kamba imelala na ninajua imetoka mtumbwi gani. Kushoto vilevile. Utingo wangu anasema sasa hana kazi, nimemwambia kazi yake ni kushika ndoo.

Mama Furu, makuli wamenisalimia vizuri, hakuna aliyefunika macho. Nilizipinda chini mpaka mwanga ukaishia kama mita sita nyuma.

Tatizo limebaki moja, na hili sikulitegemea. Nikiingiza riva redio inakoroma. Stesheni yoyote ya FM. Nikitoa riva inanyamaza. Ni taa, au nimeharibu kitu?

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Hujaharibu. Ndani ya kila taa ya LED kuna kisanduku kidogo kinachokata umeme haraka haraka ili LED zipate kiasi sahihi, na kile kukata kunatoa kelele inayosikika kwenye FM. Za bei rahisi hazina cha kuzuia. Chomoa moja moja huku redio iko wazi, utaipata yenye kelele kuliko wenzake, mara nyingi si zote. Halafu angalia waya wa antena umepita wapi, usilale sambamba na waya wa taa. Kama bado, chukua kile kipete cheusi cha feriti, kama kinachokaa kwenye waya wa chaja ya kompyuta, zungusha waya wa taa ndani yake mara mbili tatu karibu na taa yenyewe. Hupungua. Isipopungua, punguza sauti ya redio, unarudi riva kwa dakika moja tu bwana.

Vigo la Mwaloni:

Ni ya nyuma kulia peke yake. Nimeweka hicho kipete, imebaki kwa mbali sana. Nashukuru fundi.

Canter ya Magu:

Samahani wakuu nachelewa. Mimi nina Canter, nabeba dagaa wakavu na wakati mwingine mchele. Gari ni volti 24. Mpango huu huu unaniingia au nianze upya?

Fundi Nyaya wa Nyakato:

Mpango ni uleule, vifaa vibadilishe. Taa nyingi za LED zimeandikwa volti 10 hadi 30, hizo zinakubali, soma kibandiko kwanza. Rilei lazima iwe ya volti 24. Ukiweka ya 12 koili yake itaungua taratibu na hutajua sababu. Ampea zinapungua kwa nusu, kwa hiyo wati 72 ni ampea 3 tu, fyuzi ya 7.5 inakutosha. Usichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili ili upate 12, itachaji visivyo sawa na ile nyingine na utazinunua zote mbili mapema. Na bodi ya Canter ni ndefu, vioo vyako vinaona mbali zaidi, kwa hiyo za pembeni zifunge nyuma zaidi kuliko za Vigo: mbele kidogo ya tairi za nyuma palepale, lakini uzielekeze nje zaidi. Kaa kwenye usukani usiku, mtu azishike kwa mkono huku akizigeuza, ukiona tairi na ardhi kwenye kioo mwambie hapohapo, aweke alama. Ndipo utoboe.

Canter ya Magu:

Nimekupata. Kesho naingia mjini kutafuta rilei ya 24.